Punje Kumi na Moja

Richard alikutwa amekaa. Kiti chake cha ofisini chenye magurudumu kilikuwa kimeegemea ukuta, na kichwa kimelalia bega la kushoto kama mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya hotuba. Damu ilikuwa imekauka nyuma ya sikio. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya meza, umefumbwa.

Inspekta Rukaya wa upelelezi, Korogwe, alisimama mlangoni kwanza, akatazama chumba kizima kabla ya kuingia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mtaa wa Kilole. Kompyuta zilikuwepo zote. Simu ya marehemu ilikuwepo, pochi ilikuwepo. Sakafuni ulilala mtungi mdogo mwekundu wa kuzimia moto, umefutwa mpaka unang'aa.

"Alama za vidole?" aliuliza.

"Hakuna hata moja, afande," alijibu Koplo Petro. "Mfutaji alijua kazi."

Daktari aliinuka kutoka kwenye maiti. "Pigo moja, kutoka nyuma, akiwa amekaa. Jana jioni, giza likiingia. Na mkono huu haukujifumba wenyewe. Kuna mtu alivikunja vidole kabla mwili haujakakamaa."

Alivikunjua kimoja kimoja. Kiganjani palikuwa na udongo.

Ulikuwa mwekundu uliokoza, mkavu, umechanganyika na vijani vyeusi vilivyosagika. Petro, mzaliwa wa milimani, aliinama akautazama kwa karibu.

"Huu si wa hapa Kilole, afande. Huu wa juu. Na hivyo vijani ni vya mchai. Dindira, pande hizo."

Inspekta Rukaya aliufunga udongo ule kwenye mfuko wa vielelezo. Mwizi huchukua kitu akaenda zake. Huyu hakuchukua kitu. Alileta.

Ofisi ile ilikuwa ya watu wanne, marehemu akiwa mmoja wao, na yeye ndiye mwenye mali. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mifumo ya mtandaoni: kurasa ambazo mtu huzifungua kwenye simu yake akauza, akanunua, akaomba huduma. Zuena, binti wa Kizigua aliyechora sura za kurasa hizo, ndiye aliyefungua mlango asubuhi akamkuta bosi wake. Sasa alikuwa amekaa chumba cha pili, mikono imeshika ncha za mtandio.

Katikati ya meza ya chumba hicho palikuwa na bakuli la mahindi makavu.

"Mnafuga kuku?" aliuliza Inspekta.

"Hapana, afande. Ni ya kukadiria."

"Kukadiria nini?"

"Kazi. Mteja akija anataka mfumo, lazima tumwambie utachukua siku ngapi, ndipo tujue na bei. Tunaugawa vipande. Kwa kila kipande, kila mtu anachota punje chini ya meza. Punje moja ni siku moja. Anafumbata, anaweka ngumi juu ya meza. Tukiambiana 'fungua', tunafungua wote pamoja."

"Kwa nini msiseme kwa mdomo?"

"Mkubwa akitaja namba kwanza, wadogo wote wanaifuata. Julius ndiye aliyetuletea mtindo huu. Mwenye punje nyingi kuliko wote anajieleza, na mwenye chache anajieleza. Ndiyo sheria."

"Mara ya mwisho mlifanya lini?"

"Jana alasiri. Mfumo wa wakulima wa machungwa wa Handeni." Zuena alitaka kutabasamu, akakumbuka yaliyotokea. "Tulicheka. Kipande cha kupokea malipo kwa simu, mimi nilifungua mbili, Ernesti tatu, bosi mbili. Julius akafungua kumi na moja. Bosi akamuuliza kama amekunywa boha, pombe ya kwao. Julius hakujieleza. Mara ya kwanza kumwona anakiuka sheria yake mwenyewe."

"Nani alikuwa na ugomvi na Richard?"

Zuena alitazama mlango. "Ernesti, afande. Walifokeana jana hiyohiyo. Ernesti anataka kuondoka na wateja."

Ernesti alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Siku hiyo sauti ilimkauka.

"Jana saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Barabarani. Natembea. Nilikuwa na hasira."

"Nani alikuona?"

"Mtu mwenye hasira hasalimii watu, afande."

"Kwenu wapi?"

"Lushoto. Lakini nimeoa Dindira."

"Mara ya mwisho kwenda ukweni?"

"Jumapili."

Petro alitoka na ufunguo wa nyumba ya Ernesti akarudi na jozi ya viatu. Nyayo zilikuwa na udongo mwekundu, na ndani ya udongo vijani vyeusi. Ernesti alipoonyeshwa, alikaa bila kuambiwa.

"Kila mtu anayetoka kule ana udongo huo," alisema. "Hata Julius kwao ni Dindira."

Julius alikuwa kijana mwembamba, mtulivu, mwenye kuvaa shati lililofungwa vifungo mpaka kooni. Alijibu kila swali kwa ukubwa wake, hakuongeza kitu.

"Jana jioni?"

"Chumbani kwangu. Peke yangu."

"Ulikwenda kwenu lini?"

"Mwaka jana. Dada yangu alifariki."

"Pole. Ulimchukia Richard?"

"Alinipa kazi."

"Sikuuliza kazi."

"Chuki haina punje, afande. Siwezi kukukadiria."

Inspekta alimwacha aende. Ushahidi ulikuwa umeelekea kwa Ernesti: ugomvi, viatu, na jioni isiyo na shahidi. Saa sita mchana Ernesti aliwekwa mahabusu.

Saa saba kaka zake Richard walifika kituoni. Mkubwa wao, fundi wa magari, alikuwa na mikono myeusi ya grisi. Alizungumza polepole, na upole ule ulitisha kuliko makelele.

"Afande, tunazika kesho saa tisa. Tumesikia ni Ernesti."

"Hajashtakiwa."

"Sisi tumeshamshtaki. Yeye yuko ndani, hatumfikii. Lakini ana nyumba. Na nyumba inashika moto."

"Mkewe na watoto wamo humo."

"Na mama yetu yumo kwenye msiba. Tukitoka makaburini kesho tukakuta hamjasema lolote la maana, tutasema wenyewe."

"Nenda," alisema Inspekta Rukaya. "Ukilirudia neno hilo, nakuweka ndani, na ndugu yako atazikwa bila wewe."

Walipoondoka alituma askari wawili wakakae nje ya nyumba ya Ernesti. Halafu akafunga mlango na kuketi. Kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua. Mtu anayeua kwa ajili ya wateja haleti udongo. Ule udongo ulikuwa umebebwa na kutunzwa, halafu mtu akashikishwa. Hiyo haikuwa hasira ya jioni moja.

Bado palikuwa na mtu mmoja aliyemtishia marehemu kwa maneno. Kwenye simu ya Richard kulikuwa na sauti ya mzee kutoka Handeni: "Richard, nitakulipiza, na Handeni nzima itajua." Alasiri ile Inspekta na Petro walishika barabara ya Handeni.

Mzee Sadala, mwenyekiti wa wakulima wa machungwa, aliwapokea barazani kwake. Rukaya alikuwa mtoto wa Handeni; alimsalimu kwa Kizigua kwanza, halafu wakarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya Petro.

"Umekuja kunifunga, mwanangu?"

"Nimekuja kuuliza, mzee. Ulisema utamlipiza Richard."

"Nilisema, na ningemlipiza. Angeninyima usingizi, nami ningemnyima jina. Ningemtangaza Handeni yote kuwa ni mwongo. Mtu nisingemgusa. Jana jioni tulikuwa na hitima ya shemeji yangu. Uliza nyumba yoyote hapa, wote wamekula pilau mbele yangu."

"Alikudanganya nini?"

"Bei, mwanangu. Mara ya kwanza alikuja na namba ndogo, tukafurahi. Mara ya pili namba ikapanda. Nikamwambia, fundi wa nyumba akija anapima uwanja, anahesabu tofali, ananiambia. Wewe unahesabu nini? Nyumba yako haionekani."

"Akajibu nini?"

"Akasema anahesabu watu. Eti kazi moja, akiifanya anayeijua ni siku mbili, akiifanya asiyeijua ni wiki mbili. Ndiyo maana, anasema, ukiuliza muda uulize kwanza nani anafanya." Mzee alitema ugoro pembeni. "Nikamwambia, basi nipe anayeijua. Akajipiga kifua. Akasema, kipande cha malipo, mzee, nitakifanya mwenyewe kwa mkono wangu. Watoto wangu ofisini hawakijui. Nikifa leo mtasubiri mpaka machungwa yaoze."

Inspekta Rukaya aliacha kuandika.

"Rudia hapo, mzee."

"Mpaka machungwa yaoze?"

"Kabla ya hapo. Watoto ofisini."

"Hawakijui. Alisema hata mmoja hakijui."

Kwenye gari Inspekta aliyasoma tena aliyoyaandika. Walikuwa wanaikaribia Korogwe aliposema ghafla, "Kumi na moja."

"Nini, afande?" aliuliza Petro.

"Kesho asubuhi niletee Ernesti, Zuena na Julius ofisini kwangu. Na mahindi."

"Ya kuchoma?"

"Makavu, Petro."

Jumamosi saa nne asubuhi wote watatu waliketi mbele ya meza yake. Ernesti alikuwa na pingu. Nje ya dirisha, ng'ambo ya barabara, kaka wawili wa marehemu walikuwa wamekaa juu ya pikipiki, wanatazama kituo.

Inspekta alimimina mahindi katikati ya meza. Julius aliyatazama, halafu akamtazama yeye. Ni Julius peke yake aliyemtazama.

"Kazi ya Handeni bado ipo," alisema Inspekta. "Mzee Sadala anataka kujua. Kipande cha malipo, kifanywe na ofisi yenu kama ilivyo leo. Kadirieni upya. Kila mtu achote."

"Afande, mtu amekufa, tunacheza?" aliuliza Ernesti.

"Nyumba yako inasubiri jibu la mchezo huu. Chota."

Walichota. Pingu za Ernesti ziligonga ukingo wa meza. Ngumi tatu zikakaa juu ya mbao.

"Fungueni."

Zuena alikuwa na punje kumi. Ernesti alikuwa na kumi na mbili. Julius alikuwa na kumi na moja.

"Zuena, juzi ulisema mbili. Leo kumi. Kwa nini?"

"Bosi hayupo. Alikuwa anakijua yeye tu. Sasa lazima mmoja wetu ajifunze kuanzia mwanzo."

"Ernesti, juzi tatu, leo kumi na mbili."

"Sababu hiyohiyo. Anayekadiria kazi lazima ajue nani ataifanya."

"Julius. Leo kumi na moja. Juzi?"

Julius alizitazama punje zake.

"Juzi, Richard akiwa amekaa mbele yako, mzima, anakutania, ulisema ngapi?"

"Kumi na moja."

"Wenzako jibu lao limebadilika kwa sababu mtu amekufa katikati. Lako mbona halikubadilika?"

Zuena aliondoa mkono wake mezani taratibu, akaupakata. Ernesti alimgeukia Julius.

"Alhamisi alasiri," alisema Inspekta, "kulikuwa na mtu mmoja tu katika dunia hii aliyejua kwamba Richard hatafanya kazi ya Handeni."

Alimwamuru Petro amtoe Ernesti na kumfungua pingu. Zuena alitoka nyuma yao bila kugeuka. Askari mwingine aliingia, akaketi na karatasi.

"Julius, huna lazima ya kusema neno. Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ulijua ninachotafuta?"

"Nilijua ulipomwaga mahindi."

"Leo ungeweza kufumbata tano, ukasema msiba umekuchanganya. Juzi ungeweza kufumbata mbili kama wenzako. Mbona hukufanya?"

"Mbili ilikuwa uongo." Alizipanga punje zake kwa kidole. "Juzi nilizichota mbili. Nikazirudisha. Mtu niliyekwenda kumuua, nilimuua kwa ajili ya kadirio la uongo. Nisingeweza kwenda na uongo wangu mkononi."

"Anza mwanzo."

"Mwaka juzi wahisani fulani walitaka mfumo wa kuwaitia wajawazito gari, vijiji vya milimani. Mtu anafungua ukurasa kwenye simu, anabonyeza, dereva wa karibu anapata ujumbe. Nilikadiria wiki tisa. Wiki tatu zilikuwa za majaribio tu. Mvua ikinyesha, mtandao ukikatika, ukurasa ufanye nini? Kwetu Dindira mtandao unakuja na kuondoka kama ukungu. Richard alitaka kazi kwa nguvu. Akapeleka wiki nne. Majaribio aliyafuta yote."

"Hukukataa?"

"Mimi niliambiwa kwamba wateja ndio waliopunguza. Tukatengeneza mbio, tukakabidhi."

"Na dada yako?"

"Lea. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, masika ya mwaka jana. Uchungu ulipomshika alibonyeza. Simu ikaandika 'Ombi limepokelewa'. Halikupokelewa. Halikuwa limetoka hata kwenye simu yake, mtandao ulikuwa umekatika, na ukurasa haukujua kusema hivyo. Majirani walileta machela wambebe. Akakataa." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Aliwaambia, gari linakuja. Akawaambia, mfumo huu kaka yangu ndiye aliyeutengeneza. Akakaa mlangoni na furushi lake. Walipombeba kwa lazima, alikuwa ameshapoteza damu nyingi. Mtoto naye hakupona."

Askari aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu. Inspekta alimwonyesha kwa mkono aendelee.

"Mazikoni wale wahisani walikuja kutoa pole. Walikuwa na karatasi, wakamweleza baba kwamba muda wa kazi ulipangwa na mtaalamu mwenyewe. Chini palikuwa na jina langu na saini yangu. Baba akaniita mbele ya watu wote. Akasema, mkono uliotia saini hapa hautatia udongo kwa mwanangu."

"Saini ilikuwa yako?"

"Ilifanana nayo. Sikuitia mimi. Nilimwambia baba. Akaniuliza, nani mwingine anaijua saini yako? Watu wakapita kaburini mmoja mmoja, mpaka watoto, wakatupa udongo. Mimi nimesimama kwenye michai kama mpita njia. Walipokwenda kula, nilirudi nikachota konzi moja. Nikautia kwenye kopo. Mwaka mzima nilitafuta aliyetia saini ile."

"Ukampata."

"Jumatano. Richard alinipa makadirio ya awali ya Handeni nitie saini. Majaribio ameyafuta tena. Nikakataa. Akacheka. Akasema, 'Kijana, saini yako naijua kuliko wewe. Mara ya kwanza si hukulalamika?'" Julius alisukuma punje moja pembeni. "Alikuwa anakula andazi, afande. Alisema hivyo huku anatafuna."

"Alhamisi?"

"Wenzangu walipoondoka nilirudi. Nilimwambia nimekuja kutia saini. Akageukia droo atoe karatasi. Nikampiga. Halafu nikamshikisha udongo wa Lea. Mkono wake ndio uliotia saini, ndio uliomzika. Nilimkunjia vidole asiumwage."

"Kopo liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Bado kuna kidogo."

Petro alikwenda chumbani kwa Julius akarudi nalo: kopo la maziwa ya unga, na ndani yake udongo mwekundu wenye vijani vyeusi. Liliwekwa juu ya meza kando ya mfuko wa vielelezo. Hapakuhitajika hadubini.

Inspekta alitoka nje mwenyewe, akavuka barabara hadi kwenye zile pikipiki. Aliwaambia kaka zake Richard kwamba Ernesti si mtu wao, na kwamba mtu wao amekiri. Waliuliza sababu. Aliwaambia. Yule fundi wa magari alitazama mikono yake yenye grisi kwa muda, akawasha pikipiki, akaelekea msibani bila kuaga.

Aliporudi, Julius alikuwa ameshaweka saini kwenye maelezo yake, kila ukurasa, taratibu, kwa mwandiko wa wazi.

"Baadaye utapelekwa mahakamani kwa mlinzi wa amani, ukayarudie mbele yake," alisema Inspekta. Aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sauti yake ilichoka. "Julius, kughushi saini ni jinai. Jumatano ile ungekuja hapa. Tungeichukua karatasi, tungeipeleka kwa mtaalamu wa maandishi. Richard angesimama kizimbani, na baba yako angesikia kwa masikio yake kwamba mkono haukuwa wako."

Julius aliinua macho.

"Ingechukua muda gani, afande?"

Inspekta Rukaya alitaka kumjibu upesi. Alifikiria majalada yaliyolala kabatini nyuma yake. Alifikiria mtaalamu aliye Dar es Salaam na foleni yake, mashahidi wasiokuja, kesi zinazoahirishwa kwa sababu mwendesha mashtaka amehamishwa. Punje za mahindi zilikuwa bado mezani kati yao.

"Miaka mitatu," alisema. "Labda minne."

Julius aliitikia kwa kichwa.

"Richard angekuambia wiki nne," alisema, akanyoosha mikono yake kwa ajili ya pingu.